Ukiacha nyama Dar, sufuriani uweke nini? Maharage, choroko, mbaazi, soya na wenzao

Kiswahili chenyewe hakimsaidii mtu asiyekula nyama. Kwetu Temeke ukiuliza "Leo mboga nini?" unaweza kujibiwa mchicha, unaweza kujibiwa dagaa, na mshahara ukiwa umetoka jana unajibiwa nyama. Zote ni mboga. Ndiyo maana nilipotangaza nyumbani kwamba kuanzia siku ile nakula mboga tu, shangazi yangu alinitazama juu mpaka chini akasema, "Kwani sisi wenzio tunakula nini?"

Huu ni mwaka wa saba. Sikuacha kwa ajili ya dini, ingawa kila mtu ananiuliza kama nimekuwa Msabato, wala sikukatazwa na daktari. Niliacha tu, kisha nikaona naweza. Wanaonitafuta kuniuliza ni wale walioacha nyama Kwaresma wakaona kumbe inawezekana, walioambiwa hospitali wapunguze nyama nyekundu, na wale ambao bei ya bucha imewaachisha bila hiari yao. Swali ni lilelile: badala ya nyama niweke nini?

Mimi nawarudishia swali. Unapikia nini, mkaa, gesi au umeme? Unafika nyumbani saa ngapi? Maana watu wanachagua kwa kuangalia protini na vitamini, wanashindwa kwa sababu ya moto. Maharage mazuri kuliko yote hayana maana kama yanaiva saa nne usiku na wewe umelala na chipsi tumboni.

Nyama ilikuwa inafanya kazi gani hasa

Nyama kwenye sahani ina kazi tatu. Inashibisha, inatafunika, na inatoa mchuzi. Mtu akiiondoa bila kufikiri, anabaki na ugali na mchicha chukuchuku, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne utamkuta kwenye mishikaki anasema kula mboga hakumfai. Mchicha hauna kosa. Amebeba mzigo usio wake.

Kwa hiyo hapa chini napima kila chakula kwa kazi hizo tatu, pamoja na muda na moto. Namba hizi ni za kukadiria, za gramu 100 za chakula kikavu kabla ya kupikwa, isipokuwa mayai na uyoga ambavyo ni vibichi. Nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi ina gramu 20 hivi, uwe nayo kichwani unaposoma.

| Chakula | Protini (gramu) | Kuiva | Mchuzi | Kutafuna |
|---|---|---|---|---|
| Maharage | 22 | saa 2 mkaa, dakika 30 presha (yakilowekwa) | mzuri sana | wastani |
| Choroko | 24 | dakika 30 hadi 45 | rojorojo | hakuna |
| Mbaazi kavu | 21 | saa 1 na nusu | wa nazi | wastani |
| Kunde | 23 | dakika 45 hadi saa 1 | mwepesi | kidogo |
| Dengu | 20 | saa 1 na nusu hadi 2 | wastani | nzuri |
| Vipande vya soya | 50 | dakika 15 | unautengeneza wewe | nzuri sana |
| Mayai | 13 | dakika 10 | unautengeneza wewe | wastani |
| Uyoga | 3 | dakika 10 | mzuri | nzuri sana |

Jambo moja kabla hujaanza kusherehekea: maharage yakiiva yanakunywa maji, kwa hiyo gramu 100 za maharage yaliyoiva zina protini ya gramu nane au tisa tu. Bakuli la kushiba, si vijiko viwili pembeni ya wali. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi kwa siku, na hazifiki kwa maharage ya kupamba sahani.

Maharage au choroko

Hapa ndipo wengi wanasimama, na hapa nitakaa zaidi.

Maharage yana mchuzi, na hilo ndilo choroko haziwezi kuyafikia. Ya njano yakiiva sawasawa yanatoa mchuzi mzito bila kuongezewa chochote. Ukiyaunga kwa kitunguu, nyanya na hoho, wali unashuka wenyewe. Mekundu ganda lake ni gumu kidogo, na mimi nayapenda kwenye makande. Sokoni Tandale ukisikia mtu anakuuzia "soya njano" usichanganyikiwe, hayo ni maharage ya kawaida yaliyopewa jina hilo. Soya yenyewe ni zao jingine, na ukiipika ukitegemea mchuzi wa maharage utalia.

Lakini maharage yanakula moto. Kwenye mkaa, bila kuyaloweka, saa mbili ni kawaida, na yakiwa ya msimu wa juzi yaliyokaa stoo unaweza kuchochea kwa saa tatu nzima na bado yanagonga meno. Muulize muuzaji, "Ya msimu huu haya?" Atasema ndiyo, wote wanasema ndiyo, kwa hiyo tazama mwenyewe: mapya yanang'aa, ya zamani yamefifia na mengine yana vitobo vya wadudu. Halafu yaloweke usiku, asubuhi mwaga maji yale, tumbo halitajaa gesi sana. Magadi yanalainisha haraka, ni kweli, ila yanaharibu vitamini B1 na yanaacha ladha ya sabuni mkono ukizidi. Na maharage mekundu yasiivishwe kwa moto wa kubembeleza tangu mwanzo. Yana sumu ya asili inayovurugisha tumbo vibaya, nayo inakufa kwa kuchemka kwa nguvu, angalau dakika kumi.

Choroko hazidai hayo yote. Huloweki, huzitishi. Unafika kutoka Posta saa moja na nusu usiku, mwendokasi umekukamua, unazichambua, unazibandika, unakoga, ukitoka zimepasuka. Ni nyepesi tumboni kuliko maharage, mgonjwa anakula, mtoto anakula. Ukizipika pamoja na mchele na tui unapata mseto, na mseto wa choroko wenye kachumbari ya ndimu ni mlo kamili usiohitaji sahani ya pili.

Kasoro yake ni kwamba hazitafuniki. Mpwa wangu anaziita uji wa kijani, na siwezi kumbishia. Wiki nzima ya choroko inamchosha hata mtu mwenye imani. Dawa yake ni kuzipa mwenzake mwenye meno: bilinganya za kukaanga, bamia zilizokaushwa kwenye kikaango, au nyanya chungu zisizoiva mno.

Nikizungumzia moto siwezi kuiacha presha kuka. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kwa mla nyama hiyo inaweza kuwa habari ya taarifa ya saa mbili usiku tu. Kwa asiyekula nyama ni habari ya jikoni kwake, kwa sababu vyakula vyetu vikuu ndivyo vinavyomaliza mkaa. Mimi nilinunua ya umeme; maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa dakika 30 hivi, na inatumia chini ya uniti moja ya umeme wa LUKU. Ya kuweka juu ya gesi nayo inafanya kazi hiyohiyo ukiwa na mtungi mdogo wa kilo sita.

Ila isijazwe. Siku ya kwanza niliijaza choroko karibu na ukingo, kwa uroho wa kupika mara moja nile siku nne. Choroko zinatoa povu, povu likaziba kitundu cha mvuke, mimi kwa papara nikalazimisha mfuniko. Kilichofuata kilifika kwenye dari. Mpaka leo kuna doa la kijani juu ya friji, na mwenye nyumba akija kuchukua kodi huwa namkaribisha sebuleni. Nusu ya sufuria, basi, na mvuke utoke wenyewe kabla hujagusa mfuniko.

Kwa maoni yangu, choroko ni za Jumatatu mpaka Alhamisi, maharage ni ya Jumapili. Jumapili napika kilo moja ya maharage chukuchuku, inakuwa kama kilo mbili na nusu ikishaiva, nagawa kwenye vibakuli, naweka kwenye friza. Katikati ya wiki ni kuunga tu, dakika kumi. Hapo maharage yanashindana na choroko kwa muda, na yanashinda kwa ladha.

Mbaazi au kunde

Hapa sina haya kuonyesha upande wangu. Mbaazi za nazi zinashinda.

Kilichonisumbua zaidi nilipoacha nyama si mchuzi wa mchana. Ilikuwa supu ya asubuhi, na chapati, na ndimu, na ile pilipili ya kusaga. Niliteseka miezi miwili nikipita mbele ya vibanda. Kilichoniponya ni mbaazi na maandazi. Ni kifungua kinywa cha watu wa Pwani tangu zamani, kina uzito uleule wa supu, na ukitia pilipili mbuzi nzima bila kuipasua kinakuamsha vilevile.

Siri iko kwenye tui. Nakuna nazi mbili kwa mbaazi za nusu kilo. Tui la kwanza, lile zito, naliweka pembeni. La pili na la tatu ndiyo maji ya kupikia mbaazi zilizokwisha kulainika, pamoja na kitunguu, binzari kidogo na ile pilipili. Zinachemka taratibu mpaka maji yapungue na mbaazi zianze kupoteza umbo pembeni. Kisha napunguza moto, namimina tui zito, na hapo sitoki. Nakoroga kwa mwiko, upande mmoja, bila kuacha, mpaka lianze kutokota kidogo. Ukiondoka kwenda kujibu simu tui linakatika, unakuta maji chini na vibonge vyeupe juu. Linalika, lakini si lile. Likishakubali linakuwa laini kama krimu na linafunika mwiko. Hapo ndipo chumvi inawekwa, na moto unazimwa.

Mbaazi mbichi za maganda zikiwa kwenye msimu usizikose, zinaiva haraka na utamu wake ni mwingine kabisa.

Kunde zina heshima yake. Zinaiva haraka kuliko mbaazi, bei yake mara nyingi ni ya chini, na majani yake nayo ni mboga, kwa hiyo mmea mmoja unakulisha mara mbili. Bagia za kunde, zilizolowekwa, zikamenywa, zikasagwa na kitunguu na giligilani, ni vitafunwa vya jioni visivyo na mpinzani. Lakini kama mchuzi wa wali? Zina ladha ya udongo kidogo, na ukizitia nazi nyingi kuificha, ni heri ungepika mbaazi.

Dengu nazipitia haraka. Hizi ni zile za kahawia zenye kijipua, si zile za kijani ambazo ndugu zetu wa Kenya wanaziita ndengu. Zile kwetu ni choroko. Dengu zinatafunika vizuri na hazivurugiki kwenye mchuzi, ila zinadai moto kama maharage. Zinafaa pilau, kwa sababu zinakaa zimesimama kati ya punje za mchele kama vipande vya nyama vilivyokuwa vinakaa. Adesi nyekundu, ambazo zinaiva dakika 20, ni choroko za watu wenye haraka zaidi.

Soya, uyoga na fenesi: vya kuigiza nyama

Hivi ni vya mtu ambaye kutafuna ndiko kunamtesa.

Vipande vya soya, vile vikavu vinavyofanana na sifongo, ndivyo vyenye protini nyingi kuliko vyote kwenye orodha yangu. Vinaiva dakika 15, vinakaa kabatini miezi, havihitaji friji. Watu wengi wanavichukia kwa sababu wanavitupa kwenye mchuzi vikiwa vikavu, vinanyonya maji yote na kutoa harufu ya gunia. Fanya hivi: vichemshe kwenye maji ya chumvi dakika kumi, vitoe, suuza kwa maji baridi, kisha vikamue kwa viganja. Kamua kweli, kama unakamua nguo ya kufulia, maji ya njano yatoke. Rudia. Halafu vilaze kwenye tangawizi, kitunguu swaumu, ndimu na chumvi nusu saa, uvikaange mpaka vipate rangi kabla havijaonja mchuzi. Shangazi alikula sahani nzima ya vile, akaniuliza nimenunua bucha gani. Sikumjibu mpaka alipomaliza.

Uyoga unaiga nyama kwa ladha kuliko soya, na mchuzi wake una ule uzito wa supu ambao maharage hayana. Kwenye kikaango chenye moto mkali, bila maji, na kitunguu swaumu kingi, unakuwa na harufu ya kuchoma. Lakini protini yake ni gramu tatu tu. Usidanganywe na ladha, uyoga ni kiungo cha mlo, haushikilii mlo. Uweke juu ya dengu au pamoja na mayai. Tena Dar bei yake si ya kila siku.

Fenesi bichi, lile ambalo halijaanza kunukia, likichemshwa na kuchambuliwa nyuzi zake zinafanana sana na nyama ya kuvutika. Protini hakuna ya kutaja. Paka mikono na kisu mafuta kabla hujalipasua, ule utomvu wake hautoki kwa sabuni. Mimi nalipika mara mbili kwa mwaka, kwa sifa tu, wageni wakija.

Mayai na maziwa, na suala la B12

Kama unakula mayai na maziwa, maisha yako ni mepesi sana, na sitakuzungusha. Yai moja lina protini ya gramu sita hivi, trei inatosha wiki nyumba ya watu wanne, na mchuzi wa mayai ya kuchemsha kwenye nazi unaiva haraka kuliko simu inavyojaa chaji. Chipsi mayai ipo kila kona ya jiji, ingawa ukiigeuza kuwa mlo wako wa kila usiku usinilaumu mimi.

Kama hauli hata mayai na maziwa, kuna jambo moja ambalo halina ubishi. Vitamini B12 kwa asili inapatikana kwenye vyakula vitokanavyo na wanyama. Mchicha hauna, choroko hazina, mlenda hauna, hata ukila sado nzima, lile kopo la kupimia sokoni. Upungufu wake unachelewa kuonekana, mwili unaishi kwa akiba miaka kadhaa, kisha unakuja na uchovu, upungufu wa damu na ganzi mikononi na miguuni. Nunua vidonge duka la dawa, na ukipima damu mwambie daktari kwamba hauli nyama, maziwa wala mayai. Mjamzito na anayenyonyesha asisubiri kuambiwa mara mbili.

Chuma ni jambo jingine, hili linatibika kwa ndimu. Chuma cha maharage na majani hakinyonywi na mwili kwa urahisi kama cha nyama, lakini vitamini C inakisaidia. Kachumbari yenye ndimu, kipande cha embe, hoho mbichi. Na chai ya rangi ile ya kushushia chakula, inywe saa moja baada ya kula, maana inakizuia chuma kisinyonywe. Hili kwa Mswahili ni gumu kuliko kuacha nyama.

Nazi au karanga

Hapa ndipo mboga za majani zinapoacha kuwa pambo na kuwa chakula. Kisamvu chukuchuku kinaliwa kwa kuvumilia. Kisamvu cha nazi na karanga kinaliwa mpaka sufuria inakwanguliwa.

Nazi inatoa utamu na ulaini, inafaa mbaazi, maharage, matembele, magimbi, mihogo. Ina mafuta mengi lakini protini yake ni ndogo. Karanga nazo zina mafuta mengi, ila zinaleta na vingine: protini gramu 25 kwa kila 100, uzito, na ladha ya kukaangwa inayokaribia nyama ya kuchoma kuliko kitu chochote kingine nilichoonja. Kwa hiyo kama mlo wako ni majani tu, mchicha, majani ya maboga au mnafu, weka karanga. Kama tayari una mbaazi au maharage, weka nazi. Ukiwa na wageni kutoka Dodoma watakuambia karanga kila mahali, ukiwa na wa Tanga watakuambia umeharibu chakula. Msikilize anayechangia hela ya sokoni.

Kisamvu nunua kilichotwangwa sokoni, ila kipike muda mrefu, sufuria wazi mwanzoni. Majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sianidi, inaondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa sawasawa. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupe. Sumukuvu, yaani sumu inayotoka kwenye ukungu huo, haiondoki yote kwa kuchuja wala kwa kukaanga.

Kula nje: kwa mama ntilie au Kisutu

Kwa mama ntilie wali maharage upo kila siku, ndio mlo wa bei nafuu, na ndipo utadanganyika. Nilikula sehemu moja miezi mitatu. Siku moja nikakuta kipande cha mfupa chini ya bakuli.

"Mama, si uliniambia maharage haya hayana nyama?"

"Hayana, mwanangu. Nimetia supu tu yapate ladha."

Hakuwa anadanganya. Kwake nyama ni kipande, supu ni maji. Kama ambavyo kwa wengine nyama ni ya ng'ombe peke yake, ukisema huli wanakuuliza kwa huruma, "Basi nikuwekee kuku?" Sasa siulizi kama kuna nyama. Nauliza, "Mama, haya umeyaunga na nini?" Hapo anataja kila kitu, kuanzia kitunguu. Kwenye kisamvu nauliza dagaa, kwenye pilau nauliza maji ya kuivishia mchele.

Mjini, mitaa ya Kisutu karibu na mahekalu ya Wahindu na kuelekea Upanga, zipo nyumba za chakula zisizopika nyama kabisa, na huna haja ya kuuliza chochote. Thali inakuja na wali, chapati, dali, mboga mbili, mtindi na achari. Bei ni ya juu kuliko kwa mama ntilie, lakini nenda walau mara moja kwa ajili ya kujifunza. Wapishi wa pale wameishi bila nyama vizazi na vizazi, hawaigizi kitu. Wengine, hasa Wajaini, hawatumii hata kitunguu wala kitunguu swaumu, wanatia mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, kwenye mafuta ya moto. Ndiyo, mvuje uleule ambao bibi zetu wanamfunga mtoto mchanga mkononi. Punje moja kwenye mafuta, bizari nyembamba juu yake, kisha mimina kwenye dengu zilizoiva. Nilivyofika nyumbani nikajaribu, jirani akagonga mlango kuuliza kama kuna mtoto mgonjwa.

Ningekuchagulia nini

Umepanga chumba kimoja, una jiko la mkaa, unarudi usiku: choroko, adesi, vipande vya soya, na mayai kama unakula. Maharage nunua yaliyokwisha chemshwa, maeneo mengi kuna mama anayeyauza jioni, wewe uyaunge.

Una familia na watoto wanaotaka nyama: usiwatangazie. Anza na siku mbili kwa wiki, siku moja iwe makande, maana mahindi na maharage yanakamilishana, protini inayopungua huku imejaa kule, na hakuna mtoto aliyewahi kuuliza nyama ya makande iko wapi. Siku ya pili iwe pilau ya dengu. Mbaazi ziache kwa Jumamosi asubuhi.

Hela imebana: nenda Tandale ukanunue nafaka kwa sado badala ya kupima robo robo kwa Mangi wa duka la mtaani. Kwa miaka yote hii nimeona hela ya kilo moja ya steki inaondoka na kama kilo tatu za maharage, na msimu ukiwa mzuri zaidi ya hapo. Ndizi za kupika fuata soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, asubuhi.

Ukiwa na hela ya kununua kifaa kimoja tu, kati ya presha kuka na brenda, chukua presha. Nazi utakuna kwa mbuzi kama kawaida, na kama huna, jirani anayo. Ila akikukopesha mbuzi yake mpelekee bakuli la mbaazi, na usisahau mfuniko, paka wa uani hawajasikia kwamba hatuli nyama.